Kadi za Mama Kimya

6 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Najua hupendi barua inayoanza na maneno mengi ya afya, kwa hiyo yangu ni machache: mimi mzima, baba mzima, na anauliza kama huko kwa binti yako umepata mtu wa kugombana naye.

Ningepiga simu, ila siku uliponikabidhi funguo za maktaba ulisema mwenyewe kwamba simu ni ya salamu, mambo ya kazi huandikwa. Basi naandika.

Tumepata vifaa! Wanafunzi wa zamani wamechangishana, wametuletea laptopu kumi na mbili, projekta moja, na kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Hicho kisanduku ndicho mfalme. Ndani yake mna kamusi, ensaiklopidia nzima, video za majaribio ya sayansi na maelfu ya vitabu, na vyote vinaonekana kwenye laptopu bila intaneti. Nilipokiwasha mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nimekaa kwenye meza yako. Nikatazama moyo wa binadamu ukidunda kwenye kioo mpaka nikashika kifua changu. Nikajiambia, haya Kiherehere, kazi ndiyo hii.

Lakini mwalimu mkuu ameweka masharti. Bodi ya shule itakaa tarehe 28 Machi. Wakikuta vifaa vinatumika, chumba kinabaki maktaba. Wakikuta vinakula vumbi, laptopu zinahamia ofisini, na chumba kinakatwa katikati kwa ukuta, nusu iwe ya kuhifadhi mitihani. Ameniambia, "Mwalimu, sitaki maonyesho, nataka matumizi." Nikamwambia atayapata mpaka ayakimbie.

Wewe umekaa humu miaka thelathini na mmoja. Nipe la kunisaidia.

Mwanao,
Kiherehere

15 Januari

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Mwambie baba yako nagombana na redio, inanitosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kwa sababu umefurahi. Mara ya pili nikakuna kichwa. Huyo mgeni wako wa sabuni, siku ya tatu mpe jembe tuone kama analima. Nimeona vitu vingi vikiingia shuleni na nyimbo na kutoka kimyakimya. Siku kikizima, nani atakifungua? Na watoto arobaini wakigombea laptopu kumi na mbili, utasimama mlangoni na kengele?

Ushauri wangu ni huu. Maji na chakula visiingie, hata vya mwalimu mkuu. Rafu za madirishani zifutwe kila Ijumaa. Na kabati la kadi usiliguse. Najua litaonekana zigo mbele ya vioo vyako, droo ishirini na nne za mbao, lakini umeme ukikatika kadi haikatiki. Mtoto akija kutafuta kitabu aivute droo kwa mkono wake.

Ile stoo ya nyuma usijisumbue nayo. Mna madawati mabovu tu, na ufunguo ulipotea zamani.

Usinielewe vibaya. Nakutakia heri. Ila wewe tangu utotoni ukiona mlango unaupiga teke kabla ya kujaribu kitasa.

Shangazi yako

2 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Mgeni wa sabuni analima!

Wiki ya kwanza, nakiri, watoto walijipiga picha tu. Mmoja alijipiga picha mia moja na sita, zote mdomo wazi. Nikawaacha. Wiki ya pili walichoka na nyuso zao, maswali yakaanza.

Kuna msichana wa kidato cha kwanza tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mwalimu, hicho kisanduku kinajua kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Kinajua kwa nini figo za babu zimekataa kazi?"

Tukatafuta. Tukakuta video ya figo, akaitazama mara tatu, akaandika kurasa mbili. Kesho yake akaniambia amewaeleza watu wote nyumbani, na babu yake amemsahihisha mahali pamoja. Shangazi, mtoto huyu kabla ya mwaka huu alikuwa hajawahi kukanyaga maktaba.

Fundi umeme ametuwekea soketi nane. Fundi seremala naye ametutengenezea meza ndefu chini ya dirisha. Sasa natafuta mbao za mabenchi, maana nusu ya watoto wanasimama.

Kuhusu kabati lako usiwe na wasiwasi. Lipo humu humu chumbani, nalitazama kila siku.

Mwanao,
Kiherehere

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeisoma mara moja tu, na nimecheka hadi binti yangu akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Huyo wa picha mia moja na sita mshike vizuri. Ana subira.

Wakili mpe kitabu cha mwili wa binadamu, rafu ya sita, jalada la kijani lililochanika pembeni. Lakini kabla hujampa, igeuze kadi yake usome nyuma. Hivi sikuwahi kukuambia? Mbele ya kadi ni mambo ya serikali: jina la kitabu, mwandishi, namba. Nyuma ni yangu mimi. Miaka yote ile, kila mtoto aliporudisha kitabu nilimuuliza kimemfanya nini, na nikaandika kitabu kile apewe nani. Kadi ya kitabu cha nyuki nimeandika: "Mpe asiyeweza kukaa kitini. Aanzie ukurasa wa arobaini."

Aliyeanzia ukurasa wa arobaini leo ana mizinga mia mbili. Wiki iliyopita alinitembelea na chupa ya asali, mtu mzima na kitambi chake, akaniita Mama Kimya kama zamani. Nimemwambia juu ya kadi, naye ameomba aione. Nimemwahidi. Nitumie hiyo moja, uandike nyingine mahali pake.

Nimefurahi kabati lipo. Nilikuwa na hofu nawe, nisamehe.

Shangazi yako

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako karibu wiki tatu. Nimeanza kukujibu mara nne.

Kabati lako lipo chumbani, ndiyo. Ni meza. Ile meza ndefu chini ya dirisha ndiyo kabati lako. Seremala alilipasua mwishoni mwa Januari, kabla sijakuandikia kwamba nalitazama kila siku. Nilikupa maneno ya kweli ili ujidanganye mwenyewe. Huo ni uongo uliovaa suti.

Na kadi nilimpa mwalimu wa sanaa, maboksi matatu, watoto wakate wanavyotaka. Nilikuwa nimeingiza kwenye laptopu majina yote ya vitabu, waandishi na namba za rafu, vitabu elfu moja na mia nne, kwa mikono yangu, nikajiona nimemaliza kazi. Kadi elfu moja na mia nne zimepita mikononi mwangu na sikugeuza hata moja. Uliniambia nisiguse, nikaona ni ukaidi wa mtu mzima anayeogopa mashine. Nisamehe. Najua neno hilo halibebi mzigo huu.

Sasa kuna jingine, na siwezi kulinyamazia.

Ulisema stooni mna madawati mabovu. Seremala alihitaji mbao za mabenchi, nikamwambia avunje kufuli. Aliingia, kisha akaniita: "Mwalimu, haya madawati yako yana plagi."

Kompyuta sita, Shangazi. Ndani ya maboksi yake, utepe wa gundi haujaguswa, zimefunikwa shuka la maua. Juu ya boksi la kwanza kulikuwa na karatasi: "Kompyuta sita za maktaba, zimepokelewa zikiwa nzima." Na sahihi yako.

Mwaka zilipoletwa nilikuwa kidato cha pili hapa hapa. Tulikuja watoto sita au saba mlangoni kwako kuuliza kompyuta zetu ziko wapi. Ulituambia zimepigwa na radi. Mimi nilikuamini zaidi ya wote, kwa sababu ulikuwa shangazi yangu.

Radi gani ile isiyochana hata utepe wa boksi?

Mwanao

9 Machi

Kiherehere,

Barua nimeipata. Mfuga nyuki nimemwambia kadi imepotea.

Sina zaidi.

Shangazi yako

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hukuniambia nisikuandikie, basi naandika.

Siku nilipopata barua yako fupi nilikwenda chumba cha sanaa. Watoto walikuwa wamejenga mji mzima kwa kadi zako: nyumba, daraja, hata soko lenye paa. Mwalimu wa sanaa alinitazama nikipiga magoti chini, akauliza nimepoteza nini. Nikamwambia, "Nasoma." Maana maandishi yako yalikuwa yamegeukia nje. Kwenye ukuta wa nyumba moja nilisoma: "Mpe aliyefiwa. Usimwambie kwa nini." Kwenye daraja: "Mwisho wake mbaya, lakini mtoto mwongo anaupenda." Nikacheka na kulia kwa pamoja, na watoto wakadhani mwalimu wao amepata wazimu.

Tumebandua kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, darasa zima. Tumepata kadi mia mbili na kumi na moja zinazosomeka. Nyingine zilikuwa zimekatwa vipande au kupakwa rangi. Ya nyuki haimo.

Watoto walisoma huku wakibandua. Wakaanza kuulizana: "Wewe yako inasema apewe nani?" Ndipo Wakili akaja na swali lake: "Mwalimu, kwa nini kompyuta haisemi hivi? Ukitafuta kitabu inakuambia rafu tu."

Jioni ile ile nilifungua orodha yetu kwenye laptopu, kila kitabu nikakiongezea nafasi ya maneno: "Apewe nani?" Kadi zako zilizopona tumeziandika humo neno kwa neno, na chini yake mtoto yeyote aliyesoma anaruhusiwa kuongeza la kwake. Kwenye kile kitabu cha jalada la kijani Wakili ameandika: "Mpe mtu ambaye hospitali wanamjibu harakaharaka." Kwa siku nne wameongeza maneno mia tatu hivi, na vitabu vilivyoazimwa wiki hii vimepita vya muhula wote uliopita. Wanaanza kwenye kioo, wanaishia kwenye rafu. Nilidhani nitalazimika kuwavuta.

Zile kompyuta sita, fundi umeme amezifungua. Nne zimewaka. Ni nzito na zinanguruma kama zinapanda mlima, lakini kuandikia zinafaa, na ndizo kidato cha kwanza wanaandikia maneno yao.

La stoo sikuulizi tena. Ukitaka kusema utasema.

Mwanao,
Kiherehere

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nasema.

Kompyuta zilipokuja, kabla ya kufunguliwa, walituita sisi wakutubi wa shule zote kwenye mafunzo ya siku tatu. Nilishona nguo mpya. Siku ya kwanza tukawekwa mbele ya vioo, na mwalimu wetu, kijana mdogo kuliko daftari langu la kwanza, akasema tushike kipanya. Nikakishika. Kile kishale kikakimbilia pembeni ya kioo, nikakitafuta nisikione. Nikakiinua kipanya juu nikakielekeza kwenye kioo kama mtu anayezima televisheni. Yule kijana akasema kwa sauti, "Mama, hicho si rimoti," na chumba kizima kikaangua kicheko. Wenzangu, mwanangu, watu niliokuwa naheshimiana nao. Kisha akasimama nyuma yangu, akaushika mkono wangu juu ya kipanya, akausogeza kama anayemfundisha mtoto kuandika. Sikurudi siku ya pili.

Shuleni mimi ndiye niliyejua kila kitu. Nikawaza watoto wangu wakinizunguka, wananiona sijui, wananifundisha. Nikafunika maboksi kwa shuka langu mwenyewe. Mlipokuja kuuliza, neno radi lilitoka kabla sijalifikiria, na likishatoka halirudi. Mwalimu mkuu wa wakati ule alihamishwa mwaka huo huo, aliyefuata hakuuliza. Ufunguo sikuupoteza. Ninao hapa, kwenye kikasha cha sindano.

Miaka kumi na minane niliwanyima watoto kwa sababu ya kicheko cha dakika moja. Nawe ulikuwa miongoni mwao. Hilo ndilo nisamehe, la radi ni dogo.

Sasa la kadi. Usidhani nikikiri langu lako limefutika. Zimeniuma. Siku nilipopata barua yako nililala na njaa kwa ajili ya karatasi, binti yangu shahidi. Ulinidharau, ukaificha dharau yako kwa maneno mazuri. Nimekusamehe, lakini nilitaka usome hapa kwamba iliuma, kwa mwandiko wangu, usije ukadhani ni jambo jepesi.

Umesema mia mbili na kumi na moja zimepona. Zilizobaki ninazo kichwani. Si zote, lakini nyingi. Ile ya nyuki ulishaipata kwenye barua yangu, iandike humo.

Kikao chenu ni wiki ijayo. Mimi nimefanya la kwangu. Wewe fanya lako, na usitetemeke mbele ya watu waliokaa kwenye viti.

Shangazi yako

29 Machi

Shangazi!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kumbe la kwako lilikuwa lile! Ungenionya walau niende na leso.

Nieleze toka mwanzo. Bodi iliingia saa nne, watu saba na mwalimu mkuu. Watoto walikuwa kazini, sikuwapanga. Mwenyekiti, yule mzee mwenye miwani ya kamba, alizunguka meza akasimama mbele ya zile nne za zamani.

"Hizi kuukuu nani kazileta? Kwenye orodha ya msaada hazimo."

Mwalimu mkuu akanitazama. Nilikuwa nimeamua tangu juzi nitakachosema: zilikuwa stoo, basi. Nikafungua mdomo. Katibu akanitangulia: "Mwenyekiti, kuna barua imekuja juu ya jambo hilo, imeandikwa isomwe mbele ya bodi."

Akaisoma. "Kompyuta sita nilizipokea mimi, nikazifungia mimi, nikasema uongo mimi. Anayezitumia leo ni mpwa wangu. Msimpunguzie yeye alama kwa kosa langu. Na kama mnafikiria kufungia tena vifaa ofisini, mniulize mimi vinafaa nini vikiwa vimefungiwa." Kisha jina lako la Mama Kimya, chini yake miaka uliyofanya kazi.

Nakuambia, hata yule wa picha za mdomo wazi alifunga mdomo. Watu watatu kwenye bodi ile walisoma humu, Shangazi, mmoja alikuwa tayari amevua miwani anaifuta. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Mimi simu nimefundishwa na mjukuu wangu, na kila siku namfokea yeye kwa makosa yangu. Tuendelee."

Akamgeukia Wakili. "Haya binti, nitafutie kitabu kinachonifaa mimi."

Wakili akavuta kiti. "Mheshimiwa, kaa utafute mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Mwalimu mkuu nusura azimie. Lakini mzee alikaa. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja, anatafuta nyingine, na bodi nzima imesimama inamngoja. Kishale kilimpotea. Wakili hakucheka wala hakumshika mkono. Alisema tu, "Kipo kona ya juu, kulia kwako. Hakina haraka." Mzee akakipata. Alitafuta habari za bustani, akapata vitabu vinne, na kwenye kimoja akakuta maneno yako: "Mpe anayepanda kitu leo na kukifukua kesho kuona kama kimeota." Akacheka mpaka akashika meza. "Huyu ni mimi," akasema. "Mke wangu amemwambia nani?" Akaondoka na kitabu chenyewe kwapani, sahihi yake ipo.

Ukuta haujengwi. Laptopu zinabaki. Mwalimu mkuu amenipa mkono mbele ya watu akasema ameona matumizi, na sasa anaomba nafasi kidogo ya kupita.

Na bodi ina ombi. Wanataka urudi alasiri moja kwa wiki, uwaambie watoto yaliyo kichwani mwako, waandike. Gari la shule litakufuata. Kama kurudi ni kuzito, nitarekodi kwa simu, wewe ukiwa hapo hapo kwa binti yako. Sitakuvuta.

Mwanao,
Kiherehere

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba kwa zote tatu.

Kurekodi kwa simu hapana. Simu ni ya salamu.

Nitakuja Jumatatu ya kwanza ya muhula, na kila Jumatatu baada ya hapo, magoti yangu yakipenda. Gari sawa, ila dereva asipige muziki. Mwenyekiti mwambie kuna kitabu cha pili cha bustani, kizuri kuliko hicho, na nitamwambia kiko wapi akirudisha cha kwanza kwa wakati.

Masharti yangu yasikie vizuri. Sitakaa mbele niwe nasimulia na watoto wanaandika kama makarani. Nitaandika mwenyewe. Mwambie Wakili nahitaji mwalimu, nami ni mwanafunzi mgumu, mbishi, na mkono wangu wa kulia una baridi yabisi. Kama bado anataka, aniwekee nafasi kwenye lile benchi, katikati ya kidato cha kwanza. Usiniwekee kiti cha mgeni.

Mtu asiwaonye wasicheke. Nimefikiria sana jambo hilo. Kishale kitapotea, herufi zitanikimbia, nami nitafanya kituko fulani ambacho hata mimi bado sikijui. Wacheke. Nitacheka nao, kisha nitamgeukia aliyecheka zaidi nimuulize wiki hii amesoma nini.

Shangazi yako,
Mama Kimya